Jinsi ya kuisoma siasa ya kuchanganya shule huku Marekani kabla hujahama nyumba wala kusaini fomu ya mtoto

Kila msimu wa kuandikisha watoto ukifika, maswali ya Wabongo, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo tuliopo huku ni yaleyale. Kwanini mtoto kapangiwa shule ya mbali wakati kuna shule hapa nyuma ya apatimenti, kwanini shule ya mtaa huu ni watoto weusi watupu na ukivuka barabara kubwa tu unakuta ya wazungu watupu tena ina uwanja wa nyasi bandia, kwanini imekuja barua inasema mipaka inabadilishwa. Na majibu huwa mawili, kuna anaekwambia ni ubaguzi tu hao achana nao, na kuna anaekwambia we hamia pembeni ya mji mambo yaishe. Yote yana ukweli wake ila hayakuoneshi pa kushika. Mi haya mambo nayafuatilia kama mzazi, nakaa kwenye mikutano, nasoma yale mafaili ya kuchosha, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa: ugomvi wa kuchanganya shule, yaani watoto weusi na wazungu wasome pamoja, unapambwa kwa maneno makubwa ya haki na usawa, ila uamuzi wenyewe unakaa kwenye mstari wa ramani, kwenye ruti ya basi, na kwenye mtoto wa nani ndo anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Ukijua kusoma hivyo, unaweza kujua distrikti yako, yaani eneo lenye bodi moja inayoendesha shule zake za umma, inaelekea wapi hata kabla bodi haijapiga kura.

Anza na historia, na usiishie 1954

Wengi tunajua ile moja tu, kwamba tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilisema kwenye kesi ya Brown kuwa kutenganisha watoto kwa rangi kwenye shule za umma ni kinyume cha katiba. Kabla ya hapo walikuwa wanaishi na hukumu ya 1896 iliyosema mtengane tu, ilimradi huduma ziwe sawa, na sawa zenyewe hazikuwahi kuwa. Wakili aliesimamia kesi ni Thurgood Marshall, huyuhuyu ambae 1960 alikuwa Lancaster House kule London akiwasaidia kina Tom Mboya na ujumbe wa Kenya kwenye mambo ya haki za binadamu katika katiba, kwa hiyo si mtu baki kwetu. Na moja ya zile kesi zilizounganishwa kwenye Brown haikuanzishwa na wakili wala mchungaji. Ilianza na binti wa miaka 16, Barbara Johns, aliewatoa wenzake madarasani wakagoma April 1951 pale Farmville, Virginia, maana shule yao ilikuwa imejaa mpaka wengine wanasomea kwenye mabanda yaliyofunikwa karatasi ya lami.

Sasa ukisimama hapo 1954 hutaelewa chochote unachokiona leo, kwa sababu mahakama haikusema lini. Mwaka uliofuata ikatoa maelekezo ya jumla tu kwamba ifanyike haraka lakini kwa utaratibu, na wanasiasa wa kusini wakaushika huo utaratibu kwa mikono miwili. 1956 wabunge na maseneta 101 wakasaini tamko la kupinga hukumu. Little Rock 1957 gavana Orval Faubus akaweka wanajeshi wa jimbo mlangoni kuzuia watoto tisa wasiingie shule, mpaka rais Eisenhower akapeleka jeshi la serikali kuu kuwasindikiza, na mwaka uliofuata gavana akafunga sekondari zote za mji kuliko kuendelea. Prince Edward, ile kaunti ya Barbara Johns, ndo ilitia fora: 1959 walifunga shule ZOTE za umma na zikakaa hivyo miaka mitano mpaka 1964. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule ya binafsi na wazazi wakapewa ruzuku ya serikali kulipia ada, watoto weusi wakabaki nyumbani au wakapelekwa kwa ndugu majimbo mengine, na wapo ambao hawakurudi darasani tena. Hiyo ikae kichwani alafu ndo usikilize mjadala wa vocha kwenye jimbo lako, yaani hela ya serikali anayopewa mzazi kulipia shule binafsi. Sisemi kila anaetaka vocha leo ni mrithi wa wale, hapana, ila uliza hiyo hela itampeleka nani wapi na shule ya umma itabaki na nani.

Kilichowasogeza ni pesa, bana. Miaka kumi baada ya Brown, kwenye majimbo ya kusini watoto weusi waliokuwa wanasoma na wazungu hawakufika hata 3 kati ya 100. Ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inayoruhusu serikali kuu kuinyima pesa distrikti inayobagua, 1965 ikaja sheria ya elimu yenye pesa nyingi za kunyimwa, na 1968 kwenye kesi ya Green mahakama ikachoka na danadana ikasema leteni mpango unaofanya kazi sasa hivi. Ndani ya miaka michache kusini, huko tunakokusema kila siku, kukawa kumechanganyika kuliko kaskazini. Miaka ya 80 kuelekea mwishoni watoto weusi wa kusini zaidi ya 40 kati ya 100 walikuwa kwenye shule zenye wazungu wengi. Kisha ikaanza kurudi kinyumenyume, maana 1991 kwenye kesi ya Oklahoma City majaji walirahisisha distrikti kutolewa kwenye amri za mahakama za kuchanganya watoto, zikatolewa moja baada ya nyingine, na bodi nyingi zikachora mipaka upya kufuata mitaa, na mitaa yenyewe unaijua ilivyokaa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua distrikti yako ilikuwa wapi kwenye hii hadithi. Iliwahi kuwa chini ya amri ya mahakama? Bado ipo? Ilitolewa mwaka gani, na mwaka uliofuata ilifungua au ilifunga shule zipi? Mpigie katibu wa bodi ya shule umuulize moja kwa moja, ni ofisi ya umma na swali ni la kawaida. Nenda maktaba ya mji, wana magazeti ya zamani na mkutubi atafurahi kuulizwa kitu kingine tofauti na printa. Na ukiweza mtafute bibi yeyote mweusi Mmarekani aliekulia mtaa huo, mkanisani hukosi, atakueleza kwa dakika kumi nani alipandishwa basi na shule gani ilifungwa, mambo ambayo kwenye tovuti ya distrikti hayapo.

Kama amri bado ipo, hiyo ni silaha kubwa, maana kubadilisha mipaka au kufunga shule hakuwezi kupita kimyakimya bila kufika kwa jaji. Ila usiitegemee milele. 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani yenyewe ilikwenda kufunga kesi ya Plaquemines, Louisiana, iliyokuwepo tangu 1966, na ikasema wazi inataka zingine zifuate.

Ramani ni mbili

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuna mpaka wa distrikti na kuna mpaka wa shule ndani ya distrikti. Ule wa ndani bodi inaweza kuufuta na kuuchora jumanne jioni. Ule wa distrikti ni ukuta, na sababu ni kesi moja ambayo kwangu mimi ina maana kwa maisha ya leo kuliko Brown yenyewe: Milliken, Detroit, 1974. Jaji wa chini alishaona kuwa Detroit wazungu wameondoka, ukichanganya ndani ya mji tu huna wa kumchanganya na nani, akaamuru mpango uingize na distrikti 53 za pembeni. Mahakama ya Juu ikakataa, 5 kwa 4, ikasema huwezi kuzivuta za pembeni kama hujathibitisha na zenyewe zilishiriki kutenganisha. Marshall, wakati huo keshakuwa jaji humo humo, aliandika kupinga. Mwaka mmoja nyuma yake, 1973, kesi ya San Antonio ilikuwa imeshasema katiba ya nchi hailazimishi shule za maskini na matajiri zipate pesa sawa. Weka hizo mbili pamoja ndo upate picha: shule zinategemea sana kodi ya majengo ya palepale, na mstari wa distrikti unalinda hiyo kodi. Mtu akikuuliza kwanini ukivuka barabara shule inabadilika kama umevuka mpaka wa Namanga, mwambie 1973 na 1974.

Kwa hiyo fungua ramani zote mbili uziweke pamoja. Angalia mpaka wa distrikti unafuata nini, reli, mto, barabara kuu, au unakata katikati ya mitaa kwa namna ya ajabu. Mipaka ya ajabu ina historia yake. Alafu angalia kama kuna mji mdogo unataka kujitoa kuunda distrikti yake, hii ndo staili ya siku hizi. Memphis ni mfano mzuri, 2013 shule za mji ziliunganishwa na za kaunti ya Shelby, na kufika 2014 vimji sita vya pembeni vikawa vimeshajitoa na distrikti zao. Gardendale, Alabama, nao walijaribu, wakasema ni kujitawala tu wala si rangi, ila kaunti ilikuwa bado chini ya amri ya zamani, jaji akasoma mpaka yale waandaaji waliyokuwa wanaandika Facebook, akaona rangi imo, na 2018 mahakama ya rufaa ikawazuia kabisa. Funzo la kivitendo hapo ni dogo tu, kwenye mkutano watu wanaongea kwa adabu, ukitaka sababu halisi soma komenti zao usiku.

Ramani ya ndani nayo ina maswali yake. Shule ipi imejaa kupita kiasi na ipi ina madarasa matupu? Mara nyingi unakuta zote mbili zimepakana, na mstari ukisogezwa mitaa mitatu tu mambo yanakaa sawa, lakini hausogezwi miaka nenda rudi. Hapo ujue kuna watu wanaulinda. Ripoti ya kila shule ipo mtandaoni, sheria ya 2015 inalazimisha kila jimbo kuonesha matokeo na mpaka pesa inayotumika kwa kila mwanafunzi shule kwa shule, kwa hiyo usikubali kuambiwa takwimu hazipo. Angalia pia uzoefu wa walimu, walimu wa mwaka wa kwanza wanarundikwa wapi.

Basi

Nitakaa sana kwenye Louisville, Kentucky, kwanza kwa sababu Wakongo na Waswahili wengine wapo wengi pale mpaka Kiswahili ni moja ya lugha kubwa kwenye shule zao, pili kwa sababu mji ule umepitia kila hatua na unaweza kuziona zote.

1975 shule za mji na za kaunti ziliunganishwa na mahakama ikaamuru watoto wasafirishwe ili wachanganyike. Wazungu waliandamana, mabasi yakaharibiwa, gavana akaleta wanajeshi wa akiba na walinzi wakapanda kwenye mabasi ya watoto. Hayo yanasimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni jinsi mpango ulivyopangwa: mtoto alipangiwa mwaka wa kusafiri kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Na mgao wenyewe, mtoto wa kizungu alisafirishwa kama miaka miwili kati ya kumi na miwili ya shule, mtoto mweusi mpaka miaka kumi. Yaani mpango ni wa kuchanganya kweli, ila gharama ya barabarani wamebebeshwa weusi. Sio Louisville tu, ndo ilikuwa desturi karibu kila mahali, na kusini iliambatana na kufunga shule za weusi zilizokuwa na heshima zake na kuwaachisha kazi walimu na wakuu wa shule weusi kwa makumi ya maelfu. Ukisikia mzee mweusi anasema kuchanganya kulitutia hasara usimwone hajui historia, anaijua kuliko wewe.

Endelea nayo. Amri ya mahakama ikaondolewa, mji ukaamua kuendelea wenyewe kwa hiari, mzazi akashtaki, na 2007 Mahakama ya Juu, 5 kwa 4, ikasema Louisville na Seattle haziruhusiwi kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa rangi yake. Jaji Kennedy, ambae kura yake ndo iliyoamua, akaacha mlango: distrikti inaweza kuchora mipaka, kuchagua pa kujenga shule, na kuanzisha programu maalum ikiwa na lengo la kuchanganya, bila kumgusa mtoto kwa rangi yake. Ndo maana leo kwenye mipango mingi huoni neno rangi, unaona mapato ya familia, kiwango cha elimu cha mtaa, na mengine ya namna hiyo. Ukiona hayo maneno kwenye faili ujue unasoma mtoto wa hukumu ya 2007.

2022 bodi ya Louisville ikapitisha mpango mpya unaowapa watoto wa West End, upande wa weusi, nafasi ya kuchagua shule ya karibu na kwao badala ya kulazimika kuvuka mji. Na wengi wa West End walilitaka hilo, walishachoka. Kisha August 2023 distrikti ikaanza mwaka na ruti mpya zilizopangwa na kompyuta na ratiba mpya ya kengele, siku ya kwanza ikawa kimbembe, watoto wa mwisho walishushwa karibu saa nne usiku, shule zikafungwa siku zilizofuata mpaka wajipange. Madereva hawatoshi. April 2024 bodi ikakata mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule za magineti, yaani zile za umma zenye programu maalum ambazo mtoto anaomba kuingia hata akitoka mtaa mwingine. Unaona kilichotokea hapo? Hakuna aliepiga kura kurudisha utengano. Walipiga kura kuhusu madereva. Ila mzazi mwenye gari na bosi anaeelewa alibaki na shule aliyoichagua, na mama anaefanya zamu ya usiku kiwandani akamtoa mtoto.

Kwa hiyo ukiletewa mpango wowote mzuri wa kuchagua shule, uliza haya hata kama utaonekana msumbufu: basi lipo au halipo, limeandikwa kwenye mpango au ni ahadi ya mdomo, limewekewa bajeti ya miaka mingapi. Mtoto wa darasa la kwanza atakaa barabarani dakika ngapi. Kuna basi la jioni kwa anaebaki mpira au kwaya? Maana bila hilo mtoto wako atasoma pale lakini hatakuwa wa pale. Na lile kubwa kuliko yote, nani anasafiri kwenda kwa nani, ni watoto wetu tu ndo wanasogea au na wa upande ule?

Kusikiliza mkutanoni

Hakuna mtu anaesimama kwenye maiki akasema sitaki watoto weusi, hata zamani kaskazini walikuwa hawasemi hivyo. New York 1964 wazazi wa kizungu walisema wanatetea shule za mtaani na haki yao kama walipa kodi. Tarehe 3 February mwaka huo wanafunzi zaidi ya 460,000 waligomea shule wakidai mpango wa kuchanganya, mratibu akiwa Bayard Rustin, moja ya maandamano makubwa kabisa ya haki za kiraia nchi hii imewahi kuona, na hakuna kilichobadilika cha maana. Mwezi uliofuata akina mama wa kizungu elfu kumi na kitu wakavuka daraja kwenda ofisi za mji, na hao wakasikika mpaka bungeni. Sheria ileile ya 1964 iliandikwa kwa maneno yanayosema kuondoa ubaguzi hakumaanishi kupanga watoto ili kurekebisha uwiano wa rangi, na hiyo iliwapa kaskazini pa kujificha.

Boston ndo inayotolewa mfano kila mara. Jaji Garrity aliamua June 1974 kuwa bodi ilitenganisha makusudi, September mabasi yakaanza kati ya Roxbury ya weusi na South Boston ya wazungu, mabasi ya watoto weusi yakapigwa mawe. Ubaguzi ulikuwepo, wa wazi, hakuna haja ya kuupaka rangi. Lakini angalia na ramani: mpango ulibadilishanisha maskini weusi na maskini wazungu wa Kiayalandi, na vitongoji vya matajiri havikuguswa, kwa sababu mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Garrity ikatoka ile ya Detroit. Jaji mwenyewe alikuwa anaishi Wellesley, huko nje. Watu wa South Boston walilijua hilo vizuri sana. Kwenye mpango wowote angalia nani yuko nje ya meza kabisa, maana mara nyingi ndo mwenye nafasi.

Kwa hiyo mtu akisema "shule ya mtaani", uliza mtaa ulichorwa na nani. Akisema thamani ya nyumba, huyo amesema ukweli kuliko wote, mheshimu kwa hilo na ujue hatasogea. Akisema "chaguo la mzazi", rudi kwenye basi. Akisema tumechoka na siasa, tunataka tu shule bora, angalia anataka bora kwa shule ngapi. Na sikiliza pia wenzetu weusi wanaosema hatuhitaji kukaa na wazungu ili tujifunze, tunahitaji vitabu na walimu. Wana hoja nzito. Mi bado nadhani pesa huku inafuata watoto wa wenye sauti, na hiyo ndo sababu yangu kubwa ya kutaka wachanganyike, lakini siwezi kumwambia mtu ampeleke mwanae saa nzima barabarani ili aende kudharauliwa.

Charlotte, North Carolina, inawatia aibu wanaosema haiwezekani. Baada ya Mahakama ya Juu 1971 kukubali mabasi yatumike kuchanganya shule zao walibisha, wakapigana, kisha wakazoea mpaka wakajivunia, 1984 rais Reagan alikwenda pale kwenye kampeni akaponda mabasi ya kuchanganya, umati ukakaa kimya. Ila mzazi mmoja akashtaki miaka ya 90, amri ikaondolewa, 2002 wakaanza kupanga kwa mitaa na shule zikatengana upya.

Kufanya sasa

Mikutano ya bodi ni ya wazi. Kuongea kuna kujiandikisha kabla, mara nyingi mtandaoni na mwisho ni saa kadhaa au siku moja kabla, na unapewa dakika mbili au tatu, taa ikiwa nyekundu wanakuzima hata kama unalia. Niliwahi kumwona baba mmoja wa Kigoma, suti yake ya harusi, dakika mbili nzima akashukuru bodi, akamshukuru Mungu, akashukuru Marekani, alipofika kwenye basi la mwanae maiki ikazimwa. Salamu zetu tuziache nje pale. Anza na jina, shule, unachotaka: "nataka mstari usiokate apatimenti zetu", alafu sababu moja yenye jina la barabara na dakika za safari. Maandishi yapeleke kwa barua pepe kwa kila mjumbe siku moja kabla, hayo ndo yanasomwa. Nendeni kumi, aongee mmoja, tisa wasimame nyuma yake.

Kiingereza kisikuzuie. Shule zinazopokea pesa ya serikali kuu zinapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, omba mkalimani wa Kiswahili mapema na kwa maandishi, na usikubali mtoto wako ndo atafsiri. Karatasi za uhamiaji zisikuzuie vilevile, tangu kesi ya Plyler ya 1982 shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake, na namba ya soshio sekyuriti si lazima kuitoa.

LAKINI kura, soma hapa taratibu. Wajumbe wa bodi wengi wanachaguliwa, wanaojitokeza kupiga kura ni wachache mno, kwa hiyo raia mia mbili wa jamii yetu wanaweza kumtoa mtu. Kama we sio raia usipige na wala usijiandikishe, hata mtu wa DMV (ofisi ya leseni za udereva) akikuwekea fomu mbele, hata pasta akikwambia, unaweza kufukuzwa nchini kwa hilo. Kuna miji michache sana, San Francisco ni mmoja, inayoruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya shule, na hata huko muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Asiye raia anaweza kuongea, kuandika, kubandika matangazo, kuwapeleka raia kituoni kwa gari. Inatosha.

Shule za magineti na chata (za pesa ya umma ila zinajiendesha zenyewe kwa mkataba): mchezo wake ni tarehe. Dirisha la maombi linafunguka miezi mingi kabla, mara nyingi kabla ya krismasi, na wanaojua wanajaza siku ya kwanza. Uliza kama ni bahati nasibu au kuna mtihani, kama ndugu wa mwanafunzi wanapewa kipaumbele (hiki kipengele kinawabeba waliokuwepo tayari), na kama kukataa nafasi kunakupotezea ya mtaani.

Na jengo likichanganyika usidhani kazi imeisha, ingia ndani uangalie. Kuna shule ukisimama kwenye korido asubuhi unaona rangi zote, kengele ikilia zinagawanyika, madarasa ya vipaji yanaenda kule, wanaojifunza Kiingereza wanaenda chumba cha mwisho karibu na jiko. Mahakama ilishasema 1974 kwenye kesi ya Lau, ya watoto wa Kichina San Francisco, kuwa kumweka mtoto darasa lilelile bila kumsaidia lugha si usawa. Ila kumfungia kwenye msaada wa lugha miaka saba nako si usawa. Uliza: kwa siku mtoto wangu anakaa saa ngapi na watoto wengine, mtihani wa kutoka kwenye programu ya Kiingereza ni lini na anahitaji alama ngapi, na je aljebra ya darasa la nane anaruhusiwa kuingia? Hilo la aljebra liulize akiwa la sita, la nane umechelewa. Takwimu za kusimamishwa shule kwa rangi pia zipo, wizara ya elimu inazikusanya kwa kila shule. Malalamiko unaweza kupeleka ofisi yao ya haki za kiraia, lakini 2025 walipunguza wafanyakazi karibu nusu na kufunga ofisi nyingi za kanda, kwa hiyo anza na jimbo na shirika la msaada wa kisheria la hapo ulipo.

Mpango ukishapita, tunza ile barua. Ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa na mara nyingi ni siku chache. Angalia kama watoto walioanza wanaruhusiwa kumalizia shule ya zamani, na kama ndio, basi linaendelea au mnajipeleka. Kisha subiri bajeti ya masika, tafuta mstari wa usafiri, linganisha na mwaka uliopita. Ukiona umepungua na hakuna aliewaambia, hapo ndo pa kuita watu mkutano ujao.